Nani aliupa mbuyu miaka elfu tano?

Ukitembezwa na mwongoza watalii popote penye mbuyu mnene, iwe Tarangire, Bagamoyo, Gedi au Mama Ngina kule Mombasa, kuna mambo matatu ambayo ni nadra kuyakosa. Kwanza, Mungu aliukasirikia mti huu akaung'oa na kuupanda tena kichwa chini, miguu juu. Pili, ndani yake wanakaa mashetani. Tatu, una miaka elfu tano. Mawili ya mwanzo husemwa kwa tabasamu, kama hadithi za bibi. La tatu husemwa kwa sauti ya darasani.

Mimi naona tabasamu hilo limewekwa pasipo pake. Kati ya hayo matatu, la miaka elfu tano ndilo hadithi zaidi, na bahati nzuri tunamjua aliyeianzisha, hesabu aliyoitumia na mti aliouanzia. Mashetani, kwa upande wao, wana ushahidi mwingi kuliko msomi wa mjini anavyodhani. Ili kuyatenganisha haya inabidi tumfuate kijana mmoja Mfaransa hadi Senegal, halafu turudi pwani kwetu.

Kijana huyo hakuwa wa kwanza kuuandika mti huu. Mwaka 1352 Ibn Battuta, yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa njiani kuelekea Mali akapita kwenye miti minene ajabu. Aliandika kwamba msafara mzima unaweza kujisitiri chini ya mti mmoja, kwamba mingine ina maji ya mvua tumboni na watu huyanywa kama ya kisima, na mingine ina nyuki na asali. Katika mmoja alimkuta mfumaji ameweka kitanda chake cha kufumia ndani ya shina, anafuma. Hakuutaja mti kwa jina, lakini msomaji wa Dodoma au Kilifi hahitaji kuambiwa.

Karne mbili baadaye daktari wa Kiitalia, Prospero Alpini, aliishi Cairo mwanzoni mwa miaka ya 1580. Alikutana na tunda lake likitumika kama dawa ya homa na kuhara, na katika kitabu chake cha mwaka 1592 kuhusu mimea ya Misri akaliita bahobab. Kwa hiyo Ulaya ililijua tunda kabla ya kuujua mti, tena kupitia Waarabu waliokuwa wakilitumia zamani.

Ndipo anapoingia Michel Adanson. Alizaliwa Aix-en-Provence mwaka 1727, akalelewa Paris, akasoma mimea kwenye Bustani ya Mfalme chini ya Bernard de Jussieu. Hakuwa na mali ya kumpeleka mbali. Alichopata ni kazi ya ukarani katika Compagnie des Indes, kampuni ya Kifaransa iliyofanya biashara Senegal, na biashara hiyo ilikuwa ya gundi ya miti, dhahabu na watu. Hili lisemwe waziwazi, maana wasifu nyingi za wanasayansi wa zama zile hulipita kimyakimya: meli iliyombeba mtaalamu wa maua ilikuwa ya kampuni iliyosafirisha watumwa, na Adanson mwenyewe aliandikia wakubwa wake mipango ya kuendeleza makoloni yao.

Alifika Senegal mwaka 1749, akiwa na miaka 22. Siku moja ya mwaka huohuo alivuka kwenda kisiwa cha Sor, karibu na Saint-Louis, pamoja na wenyeji waliokwenda kuwinda swala. Alipouona mbuyu, uwindaji ukamtoka kichwani. Alinyoosha mikono akaukumbatia, akasogea, akaukumbatia tena, mara 13 hadi akarudi alipoanzia. Halafu akaupima kwa kamba ili awe na hakika: futi 65 za Kifaransa, karibu mita 21 kuuzunguka.

Alikaa miaka mingine minne na zaidi. Alijifunza Kiwolof akakusanya msamiati wake, akakausha mimea kwa mamia, akaeleza konokono, samaki na ndege. Lakini mbuyu ndio uliomkaa rohoni. Taarifa yake ndefu kuhusu mti huu, aliyoiandikia Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, ndiyo ya kwanza kuueleza wote, kuanzia mzizi hadi mbegu. Alieleza jinsi majani yanavyokaushwa na kusagwa kuwa unga uitwao lalo, wa kuungia chakula. Alieleza kinywaji cha unga wa tunda kwa maji na sukari, akadai kwamba ndicho kilichomkinga na homa zilizowaangusha Wazungu wenzake. Alieleza pia kwamba magrio, yaani wasimulizi na waimbaji wa koo, hawakuzikwa ardhini walipokufa. Miili yao iliwekwa ndani ya mibuyu yenye uwazi na kuachwa ikauke humo, kwa kuwa watu waliwaheshimu na kuwaogopa kwa pamoja. Desturi hiyo ilidumu kwa Waserer, kabila mojawapo la Senegal, hadi miaka ya 1960, serikali ya Senegal huru ilipoipiga marufuku.

Hakuna hata moja kati ya hayo aliloligundua. Aliambiwa. Waliomwambia hawana majina katika vitabu, na jina la mti katika sayansi likawa lake.

Sasa umri. Adanson alitua kwenye visiwa vidogo vya Madeleine, karibu na ilipo Dakar leo, akakuta mibuyu iliyochongwa majina na mabaharia wa Ulaya, mengine yakiwa na tarehe za karne ya 15 na 16. Hapo akapata wazo ambalo kwa kweli ni la akili sana. Kama unajua jina lilichongwa lini, na unaona shina limetanuka kiasi gani tangu hapo, umepata mwendo wa ukuaji. Akachukua mwendo huo, akachanganya na alichokijua kuhusu miche, akaandika jedwali: mti wa mwaka mmoja una kipenyo cha inchi moja, wa miaka 100 una futi 4, wa miaka 1,000 una futi 14, na wenye futi 30, mnene kuliko yote, una miaka 5,150.

Kwa jamii ya Kikristo ya wakati ule namba hiyo ilikuwa kombora. Wengi waliamini dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo na Gharika ya Nuhu ikaja miaka elfu moja na mia kadhaa baadaye. Mti wa miaka 5,150 ungekuwa umeota kabla ya Gharika na kuipita salama. Waliopenda kuikejeli Biblia wakaikumbatia hesabu, waliopenda kuitetea wakaipiga vita, na katikati ya kelele hizo ni wachache waliokwenda kupima tena. Namba ikapita kutoka kitabu hadi kitabu kwa karne nzima.

David Livingstone alikuwa miongoni mwa walioipinga. Alipoandika safari zake mwaka 1857 alikubali kwamba mbuyu ni mgumu kuuawa: watu huuchuna magome wakatengeneza kamba, nao huotesha gome jipya, hutobolewa tumbo, nao huishi. Akaeleza kwamba aliwahi kuona hata mbuyu uliokatwa na kulala chini ukiendelea kukua. Kisha akatania kwamba angeuwekea dau mbuyu dhidi ya gharika kumi na mbili, mradi mtu asiuchemshe kwenye maji ya chumvi. Lakini miaka elfu tano hakuikubali.

Kosa la Adanson lilikuwa wapi? La kwanza ni mahali. Visiwa vya Madeleine ni mwamba unaochapwa na upepo wa bahari, na mibuyu yake hadi leo inajulikana kwa udumavu. Ukichukua mwendo wa mti uliodumaa ukaupimia jitu la bara, lazima miaka ifure. La pili ni kwamba shina la mbuyu haliongezeki tu. Ni sifongo. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, kwa hiyo hunenepa mvua zikinyesha na hukonda ukame ukizidi. Mti mmoja unaweza kupimwa leo ukakutwa mwembamba kuliko ulivyokuwa zamani. La tatu hakuwa na namna ya kulijua, na limejulikana juzi tu: jitu la futi 30 mara nyingi si mti wenye shina moja.

Adrian Patrut, mkemia wa Romania, alianza mwaka 2005 na wenzake kuchukua vipande vidogo vya ubao kutoka mibuyu mikubwa ya Afrika na kuvipima kwa kaboni ya mnururisho, njia ya kukadiria umri wa kitu kilichowahi kuwa hai. Walipima zaidi ya miti 60. Walichokikuta ni kwamba mibuyu minene mingi ni mashina kadhaa, mara nyingine yenye umri tofauti, yaliyoota kwa mduara na kuungana yalivyokua. Ule uwazi wa katikati tunaouita tumbo, mara nyingi haukuliwa na moto wala kuoza. Ni nafasi iliyokuwa wazi tangu mwanzo, mashina yakauzunguka, na ndiyo maana ndani yake una gome. Ukipima mzingo wa mti kama huo ukauchukulia kuwa shina moja, unajumlisha ndugu watano na kusema umempata babu.

Umri wa kweli nao ni wa kushangaza, hauhitaji kuongezewa chumvi. Mwaka 1963 E. R. Swart alichapisha kipimo cha kwanza cha kaboni, cha mbuyu wa karibu na Kariba wenye kipenyo cha mita 4.5: miaka kama 1,010, ikizidi au kupungua kwa 100. Mbuyu mkongwe kuliko yote waliowahi kupima kina Patrut ulikuwa Panke, nchini Zimbabwe, miaka ipatayo 2,450. Hiyo haifiki hata nusu ya alichosema Adanson. Ulikuwa tayari mti wakati Kilwa haijawa hata kijiji.

Adanson mwenyewe, baada ya kurudi Paris mwaka 1754, aliingia kwenye ugomvi mwingine. Carl Linnaeus, mkubwa wa mimea wa Uswidi, aliupa mbuyu jina Adansonia kwa heshima yake, na mwaka 1759 likatoka jina kamili, Adansonia digitata, kwa kuwa majani yake yamekaa kama vidole vya mkono. Mtu mwingine angeshukuru. Adanson hakutaka. Aliona majina ya kusifiana hayana maana ilhali mti una jina tayari, na katika kitabu chake cha jamii za mimea cha 1763 akaendelea kuuita baobab. Pia aliuona mfumo wa Linnaeus, wa kupanga mimea kwa kuhesabu viungo vya uzazi vya ua, kuwa wa mkato mno. Yeye alitaka sifa zote za mmea zitazamwe kwa pamoja, akapanga mimea katika jamii 58. Wakati ule alishindwa. Leo wazo la kutazama sifa nyingi kwa pamoja ndilo lililobaki, na lile la kuhesabu viungo limebaki historia.

Alishindwa kwa sababu nyingine pia: hakujua kukomea. Alipanga kuandika ensaiklopidia ya viumbe vyote kwa juzuu kadhaa, akaipeleka mbele ya Chuo cha Sayansi mwaka 1775, wakaona ni kubwa mno na imejaa mambo ya kunakili. Mapinduzi ya Ufaransa yalimkuta na kumwacha fukara. Inasimuliwa kwamba Taasisi mpya ya Taifa ilipomwita kwenye mkutano alijibu hawezi kuja, hana viatu. Alifariki Agosti 1806, akiwa ameacha usia kwamba jeneza lake lipambwe kwa shada moja tu la maua, yaliyochumwa kutoka zile jamii 58.

Turudi kwa mashetani. Pwani yetu, tangu Lamu hadi Mtwara, kuna mibuyu ambayo watu huipelekea ubani, marashi, vitambaa vyekundu na vyeupe, wakati mwingine sarafu na chakula. Watoto huambiwa wasipite chini yake mchana jua likiwa la utosi, wala baada ya magharibi. Fundi anayejenga barabara akiambiwa aukate, hutafuta kwanza mzee wa kuusomea. Mimi siwezi kuthibitisha kama kuna pepo ndani. Naweza kusema nini kingine kiko ndani, na ni kingi.

Ua la mbuyu hufunguka jua likizama. Ni jeupe, kubwa, linaning'inia kwa kikonyo kirefu, na lina harufu nzito ambayo wengi huiona ya kuoza. Kesho yake limesinyaa, halafu linaanguka. Ua la namna hiyo halikuumbiwa vipepeo wa mchana. Linawaita popo wala matunda, ambao huja kwa kundi usiku, hupiga mabawa, hulia na kugombana huku wakibeba chavua kutoka mti hadi mti. Ndani ya matundu hulala bundi. Nyuki wana mizinga yao. Uwazi wa shina hukuza kila sauti. Mtu anayesema kwamba mbuyu una wakazi wanaoamka usiku, wanaopiga kelele, wanaotoa harufu, na kwamba si busara kuingiza mkono humo bila kubisha hodi, ameeleza ikolojia ya mti huo vizuri kuliko jedwali la umri.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema imani hizo ndizo zilizoinusuru mibuyu peke yake. Ubao wake haufai mbao, haufai mkaa, na kuni zake zinamwaga maji. Mwenye shoka huenda kwenye mti mwingine. Woga na uvivu vimesaidiana.

Ile ya kupandwa kichwa chini nayo inasimuliwa tangu Senegal hadi Limpopo, kwa matoleo mengi. Mahali pengine mkosaji ni fisi aliyepewa mti akautupa kwa hasira. Sababu ya kuona ni rahisi. Mbuyu hukaa bila majani nusu ya mwaka au zaidi, na matawi yake mafupi na manene yanafanana na mizizi. Kusini mwa Afrika kuna na simulizi kwamba hakuna aliyewahi kuona mbuyu mchanga, eti huanguka kutoka mbinguni ukiwa mzima. Hapo msimulizi amedanganywa na jani: mche wa mbuyu una jani moja moja lisilogawanyika, tofauti kabisa na vidole vya mti mkubwa, na shina lake ni jembamba. Unaweza kuuruka ukidhani ni gugu. Waswahili hawakudanganyika. Waliosema mbuyu ulianza kama mchicha walikuwa wameuona ukianza.

Tena mbuyu husemekana kutoweka usiku mmoja. Hilo linakaribia ukweli. Ukifa, nyuzi zake zenye maji huoza kutoka ndani, siku moja unajikunja chini kuwa lundo la makapi, na baada ya misimu michache hakuna hata kisiki.

Mti ukihama, hadithi hubadilika. Mibuyu iliyoko India ilitoka Afrika, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha ilifika kwa awamu kadhaa, na mingi ina undugu na ya pwani ya Afrika Mashariki. Ilipelekwa na mabaharia, wafanyabiashara na watu waliouzwa utumwani. Huko hadithi ni nyingine. Ule wa Kintoor, jimbo la Uttar Pradesh, unaitwa Parijaat, unahusishwa na Kunti, mama wa mashujaa wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindu, na waumini huuendea kuomba haja zao. Miti ileile tunayoipelekea ubani kwa hofu, kule inapelekewa maua kwa matumaini.

Bagamoyo kuna mfano mzuri wa jinsi hadithi inavyoota kwenye gome. Kwenye misheni ya Roho Mtakatifu kuna mbuyu wenye pingili za mnyororo zinazochungulia kutoka ndani ya shina. Katika mji wenye historia ile, mgeni akiona mnyororo huwaza watumwa mara moja. Simulizi ya misheni yenyewe ni kwamba mnyororo uliwekwa karibu mwaka 1868 na mama mmoja wa Kifaransa wa kufungia punda wake, kisha mti ukaumeza. Adanson angeufurahia sana: ni alama yenye tarehe, kama majina ya Madeleine. Ila mnyororo ungetueleza tu shina limetanuka kiasi gani tangu 1868 mahali pale, kwenye udongo ule na mvua zile. Haungetueleza mti uliota lini.

Mwaka 2018 kina Patrut walichapisha habari iliyowashtua wengi: kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote ya Afrika, tisa ilikuwa imekufa yote au kuanguka sehemu kubwa ndani ya miaka 12. Panke ulikuwa mmojawapo. Hawakukuta ugonjwa ulioenea. Walishuku joto na ukame, wakasema utafiti zaidi unahitajika.

Mwaka 2022 zogo likahamia Kilifi, ambako mibuyu mikubwa iling'olewa mashambani ili isafirishwe kwa meli hadi bustani moja nchini Georgia. Picha zilisambaa mitandaoni, na Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi wa vibali. Wanamazingira walitaja urithi na wazee walitaja laana, huku wenye mashamba wakitaja bei. Swali la mtaalamu wa mimea lilikuwa jingine: mti mkubwa hivyo utaishi? Na hapo yale maji ya shinani yanarudi kutusumbua. Mbuyu huchipua majani mapya kwa akiba iliyomo tumboni, hata kabla mvua hazijafika kwenye mizizi. Uliong'olewa unaweza kuchanua majani mabichi kwenye bustani ya ugenini, mwenye bustani akapiga picha akashangilia, na mizizi ikawa bado haijashika chochote.